Matumbawe Yanapogeuka Meupe: Namna ya Kutambua Chanzo Kabla ya Kuchukua Hatua

Mvuvi au mpiga mbizi anapokuta tumbawe limegeuka jeupe, jambo la kwanza ni kutambua iwapo limepauka likiwa bado hai, au limepoteza nyama na kubaki mifupa. Hali hizo hufanana kwa mbali, lakini vyanzo vyake hutofautiana, na hatua zinazostahili hutofautiana pia.

Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo wanaojenga mifupa ya chokaa. Ndani ya nyama yao nyembamba huishi mwani usioonekana kwa macho, ambao hulipatia tumbawe rangi na sehemu kubwa ya chakula. Bahari inapozidi joto lake la juu la kawaida kwa takribani nyuzi 1 ya Selsiasi kwa wiki kadhaa, tumbawe huupoteza mwani huo na kupauka. Nyama hubaki, ila mifupa huonekana kupitia kwayo. Joto likishuka mapema, mwani hurejea na tumbawe hupona. Likidumu, tumbawe hufa. Mwaka 1998, joto la namna hiyo liliua matumbawe mengi magharibi mwa Bahari ya Hindi, yakiwemo ya pwani ya Tanzania.

Tumbawe lililopoteza nyama huonyesha mifupa mitupu, na mara nyingi kuna mpaka dhahiri kati ya sehemu nyeupe na yenye rangi. Baada ya siku chache mwani wa kijani au kahawia huanza kuota juu ya mifupa hiyo. Kwa hiyo, sehemu iliyo nyeupe kabisa ni jeraha jipya.

Vyanzo vya jeraha hilo ni zaidi ya kimoja. Kiti cha pweza mwenye miiba mingi hutoa tumbo lake nje, huyeyusha nyama ya tumbawe na kuacha mabaka makubwa meupe. Mchana aghalabu hujificha mwambani. Wapo pia konokono wadogo wanaokula nyama hiyo, mara nyingi kuanzia chini ya matawi. Ikiwa hakuna mlaji na jeraha linaendelea kupanuka, yawezekana ni ugonjwa. Huko Florida, Marekani, ugonjwa wa aina hiyo uligunduliwa mwaka 2014 na baadaye ukaenea Karibi, ukishambulia zaidi ya aina 20 za matumbawe. Wataalamu hupaka dawa ya amoksilini kwenye kingo za jeraha. Dawa hiyo huweza kulisimamisha, lakini haizuii majeraha mapya.

Eneo lililoathirika nalo hutoa ishara. Joto hupausha aina nyingi za matumbawe kwa wakati mmoja katika eneo pana, ilhali walaji huacha majeraha ya hapa na pale.

Wananchi wanashauriwa kutovunja tumbawe ili kulichunguza. Inatosha kupiga picha, kuandika mahali, kina na tarehe, kutazama chini ya matawi, kurudia baada ya wiki moja, na kutoa taarifa kwa ofisa uvuvi au uongozi wa hifadhi ya bahari. Kiti cha pweza mwenye miiba asishikwe kwa mikono, kwa kuwa miiba yake ina sumu. Wala asikatwe vipande, kwani baadhi ya vipande huweza kuota upya.

Tumbawe lililopauka lisihesabiwe kuwa limekufa. Katika wiki hizo, nanga, kokoro na kukanyagwa huweza kulinyima nafasi ya kupona.