Sherehe Isogezwe, Siku Isipite

Mwezi Juni unapoingia, asubuhi za Ihumwa, Dodoma, huwa na baridi kavu. Mvua huwa zimekwisha tangu Aprili, upepo wa kipupwe unavuma juu ya ardhi tupu, na vumbi linaingia hadi vyumbani. Ni msimu wa mafua na vikohozi, na mara nyingi nyumba nzima huugua kwa zamu: akipona huyu, analala yule. Tarehe za kuzaliwa za watoto hazingoji zamu hizo ziishe. Mtoto anatimiza miaka minne Jumamosi, keki imeshaagizwa, majirani wameshaambiwa, na ndani baba ana homa, dada anaharisha, na mwenye bethdei mwenyewe anakohoa usiku kucha. Wazazi wengi wanaona njia mbili tu, kuifanya sherehe kama ilivyopangwa au kuifuta kabisa kwa sababu kuna mgonjwa. Naona njia zote mbili zinamkosea mtoto, ya kwanza ikiwakosea na majirani. Siku ya mtoto iadhimishwe tarehe yake ileile, ndani ya nyumba, na watu wa nyumba hiyo. Sherehe ya wageni ndiyo isogezwe.

Hapa Ihumwa jambo hili lina uzito wa pekee. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, lakini watu walianza kumiminika baada ya tamko la Julai 2016 la Serikali kuhamia huku, na zaidi baada ya Mji wa Serikali kufunguliwa jirani pale Mtumba mwaka 2019. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Ya 2022 ikakuta 765,179 katika Jiji. Kata za pembezoni kando ya barabara ya Morogoro zimebeba sehemu ya ongezeko hilo. Familia nyingi zimekuja bila bibi, bila shangazi, bila mtu wa kumwachia mgonjwa. Bethdei ya mtoto imekuwa mojawapo ya nafasi chache za wapangaji wa uwanja mmoja kukaa mkeka mmoja na wenyeji wa Kigogo waliowatangulia. Anayeahirisha anahofia kuonekana anajitenga, na hofu hiyo ndiyo inayowasukuma wazazi kualika watu wakati ambapo hawakupaswa kualika.

Madhara ya kualika hivyo yamepimwa. Juni 2021 jarida la tiba la JAMA Internal Medicine la Marekani lilichapisha utafiti uliofuatilia kumbukumbu za bima za kaya zipatazo milioni 2.9 katika mwaka wa kwanza wa UVIKO-19. Watafiti hawakuhesabu keki wala wageni, walitazama tarehe tu: je, nyumba ambayo mtu wake amefikia siku ya kuzaliwa huugua zaidi katika wiki mbili zinazofuata? Kwenye maeneo yenye maambukizi mengi jibu lilikuwa ndiyo, wagonjwa 8.6 zaidi kwa kila watu 10,000. Mwenye siku ya kuzaliwa akiwa mtoto, ongezeko lilifika 15.8. Mtoto ndiye mtu ambaye wazazi hushindwa kumnyima sherehe, hata wakiwa wamejinyima zao. Utafiti huo ulihusu ugonjwa mmoja na nchi moja, lakini pumzi iliyosambaza kirusi kile husambaza pia mafua na tetekuwanga, na mikono na vyombo vya kula husambaza magonjwa mengi ya kuharisha.

Desturi zetu wenyewe zinazidisha jambo hili, na zinastahili kutazamwa bila aibu. Mtoto anapuliza mishumaa juu ya keki itakayoliwa na wote. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walikuta kupuliza kunaongeza bakteria juu ya keki kwa zaidi ya mara kumi. Kwa mpulizaji mzima hatari hiyo ni ndogo. Kwa anayekohoa mambo ni mengine. Kisha tunalishana. Kwetu keki haigawiwi tu kwenye sahani: mwenye sherehe hulisha na kulishwa, na mara nyingi kijiti au uma ni uleule kuanzia kwa baba hadi kwa mtoto wa jirani. Na mwisho yupo atakayekuja na ndoo kummwagia mtoto maji, mchezo mzuri Januari saa nane mchana, lakini si jioni ya Juni kwa mtoto mwenye kikohozi. Kila kimoja cha hivi ni tendo la upendo, na ndiyo maana hakuna mgeni atakayethubutu kukataa kulishwa. Hatuwezi kumwachia mgeni kazi ya kujikinga mahali ambapo kujikinga ni kumvunjia mwenyeji heshima. Ni juu ya mwenyeji kumwondolea mgeni mtihani huo.

Kuna watakaosema ninakuza mambo, kwamba mafua ni kawaida na kikohozi cha Dodoma ni vumbi tu. Vumbi linakera koo kweli, na si kila ugonjwa unaambukiza kwa kukaa pamoja. Malaria hailetwi na kulishana keki, na wala mguu uliovunjika hauzuii maputo. Nyumba yenye mgonjwa wa aina hiyo, akiwa ana nafuu na ameridhia, inaweza kupokea wageni wachache kwa muda mfupi. Lakini vumbi halileti homa, wala halimfanyi mtu aharishe. Mwenye surua anaambukiza siku nne hivi kabla ya vipele kutokea na siku nne baada yake, na chanjo ya kwanza ya surua hapa nchini hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa. Mama jirani atakayeitikia mwaliko akiwa na mtoto mgongoni wa miezi sita anamleta asiye na kinga hiyo. Kwa ugonjwa wa kutapika na kuharisha, ushauri wa kawaida ni kusubiri saa 48 baada ya dalili za mwisho ndipo mtu achanganyike na wengine. Mama hahitaji kuwa tabibu ili aamue. Kukiwa na homa, kuharisha, kutapika, vipele, macho mekundu au kikohozi kipya, wageni wasubiri.

Tena kuna hatari ambayo haizungumzwi, nayo ni macho ya mama kuwa kwingine. Siku ya maandalizi mama yuko jikoni na pilau, yuko kwenye simu na muuza keki, anapanga viti vya kuazima. Siku hiyohiyo ndiyo anayotakiwa kuhesabu pumzi za mtoto. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano anayekohoa na kuvuta pumzi mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au wa miezi miwili hadi kumi na miwili anayefikisha 50, anapaswa kupelekwa zahanati mara moja, kwa sababu hiyo ni dalili ya nimonia. Anayeharisha anahitaji maji ya ORS kidogo kidogo kila wakati, na mtu wa kumnywesha. Kazi hizi mbili, kuuguza na kukarimu, haziwezi kufanywa vizuri na mikono ileile kwa siku moja, hasa katika nyumba ambayo bibi yuko Iringa au Tanga.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka upande wa pili. Wazee wengi watasema kuimba na kukata keki mgonjwa akiwa amelala ndani ni kukosa adabu, na kwamba bethdei zenyewe ni mambo ya kuiga, zikipita hakuna kilichopotea. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo ina hekima, na ndiyo sababu sidai muziki wala shamrashamra. Nusu ya pili siikubali. Mwaka 1999 watoto 147 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai nchini hawakufikisha miaka mitano. Mwaka 2022 idadi ilikuwa imeshuka hadi 43. Ni mafanikio makubwa ya chanjo, vyandarua na zahanati, na bado ni watoto 43. Mwaka mmoja zaidi wa uhai wa mtoto si jambo la kuiga kutoka kwa yeyote. Ni neema ya kushukuriwa, na katika nyumba inayouguza shukrani hiyo ina sababu zaidi. Na kwa mtoto mwenyewe kuna zaidi ya shukrani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walipowasimulia watoto wadogo habari za mtoto aliyekosa sherehe, baadhi yao walijibu kwamba huyo hakuongezeka umri, amebaki na miaka yake ya zamani. Mtoto wa miaka minne asiyeambiwa neno siku hiyo anaweza kuamini kwamba mwaka wake umeondolewa. Kumwita kitandani kwa mama yake, kumtamkia umri wake mpya, kumwombea kwa jina, kumpa chapati yake ya kwanza ya siku au kipande kidogo cha keki isiyopulizwa, kunatosha kumthibitishia kwamba amekua.

Na sherehe ikisogezwa, je, si itakuwa imepoteza maana? Mila zetu zinajibu. Akika hufanywa siku ya saba, na isipowezekana, ya kumi na nne au ya ishirini na moja, na hakuna anayesema mtoto huyo amepungukiwa. Mazazi ya Mtume yanahesabiwa tarehe 12 ya Mfunguo Sita, lakini Maulidi makubwa ya Lamu hufanyika mwishoni mwa mwezi huo na watu husafiri kutoka pwani nzima kuyahudhuria. Watoto wa parokia hubatizwa siku iliyopangwa na kanisa. Hata Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza, aliyekuwa atawazwe tarehe 26 Juni 1902, aliugua, akapasuliwa, na akavishwa taji Agosti 9.

Linabaki suala la fedha, ambalo halina fumbo. Muuza keki akiambiwa mapema, siku mbili tatu kabla, mara nyingi atakubali kubadilisha tarehe, kwa kuwa unga haujachanganywa. Akiambiwa asubuhi ya Jumamosi atadai chake, na atakuwa na haki. Kwa hiyo mzazi asisubiri muujiza wa usiku wa mwisho: homa ikiingia Jumatano, simu ipigwe Alhamisi. Nawe uliyealikwa, ukipokea ujumbe kwamba sherehe imesogezwa kwa sababu ya ugonjwa, usinune wala usiulize zawadi uliyonunua itakwenda wapi. Toa pole, uliza kama kuna maji ndani au mtu wa kwenda duka la dawa, mtakie mtoto heri kwa simu, kisha omba tarehe mpya na uje.