Bunia hadi Kinshasa: saa ngapi?

Tuchukue mfano: tiketi inaonyesha ndege inaondoka Bunia 10:00 na kufika Kinshasa 11:30. Je, safari ni ya saa moja na nusu? Sivyo. Umbali wa moja kwa moja ni kama kilomita 1,770. Ndege yenye mwendo wa kilomita 800 kwa saa huhitaji zaidi ya saa mbili. Ukiongeza kupaa na kutua, ni kama saa mbili na nusu.

Tofauti inatokana na jua. Bunia iko karibu nyuzi 15 mashariki ya Kinshasa, na kila nyuzi 15 ni saa moja. Kwa hiyo saa ya Bunia hutangulia. Wakati wa kurudi, ukiondoka 10:00 utafika 13:30.

Lugha nayo ina mtego wake. “Saa mbili na nusu” ni muda, lakini pia ni 8:30 asubuhi. Mfasiri aandike “muda wa saa mbili na nusu” au “saa mbili na nusu asubuhi, saa za Bunia”. Asipofanya hivyo, msafiri anaweza kuachwa na ndege.