Kazi ya Mtu na Umri Wake

Huko Uingereza, baada ya sensa ya mwaka 1911, tabibu na mwanatakwimu T. H. C. Stevenson, akitaka kubainisha kwa nini watoto wachanga wa mafukara walifariki kwa wingi kuliko wa matajiri, aliwapanga watu kwa matabaka kulingana na kazi ya baba. Mpango huo, ukiisha kutulia katika matabaka matano, kuanzia matabibu na mawakili hadi vibarua, ulidumu hata mwaka 2001. Mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kwa kazi ya mumewe, nami naiona hiyo ni dhuluma, maana mwenyewe huenda alishinda kiwandani akivuta vumbi la pamba. Walakini ripoti ya Sir Douglas Black ya mwaka 1980, ikitegemea matabaka hayo hayo, ilidhihirisha kwamba hatari ya kibarua kufa kabla ya kustaafu ilizidi maradufu ya wakili, ijapokuwa matibabu yalikuwa bure tangu 1948.