Kukua Katika Utakatifu

Wako wanaodhani kwamba Mkristo hupata utakatifu wote siku ya ubatizo wake. Sivyo. Mbegu hupandwa siku moja, lakini mti hukua kidogo kidogo.

Tazameni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, pale Kivukoni, lielekealo bandari. Wamisionari Wabenediktini walianza kulijenga mwaka 1897, na kazi ikaendelea hadi 1902, jiwe juu ya jiwe. Ndivyo Mkristo anavyojengwa: neema ni ya Mungu, bidii ya kila siku ni yetu.

Mfano wetu ni Mwalimu Julius Nyerere. Alibatizwa mwaka 1943, akiwa na umri wa miaka 21. Hata alipokuwa Rais mwenye shughuli nyingi, hakuacha kwenda Misa ya asubuhi. Tena alikiri hadharani makosa ya serikali yake. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza kuyachunguza maisha yake, naye huitwa Mtumishi wa Mungu. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu.

Basi, mwanafunzi Mkristo asingoje kuwa mtu mzima. Jicho linapotaka kuchungulia karatasi ya jirani katika mtihani, hapo ndipo jiwe la leo huwekwa, au huachwa chini.