Miongo kumi ya sinema, na pengo moja

Ndugu msikilizaji, salamu kutoka Mwandoya, wilaya ya Meatu, mkoa wa Simiyu. Wewe uliyeko mjini ukilisikia jina hili pengine unafikiria pamba na ng'ombe, na hukosei. Lakini juma hili sizungumzii bei ya pamba. Nazungumzia sinema, na zoezi nililojipa mwenyewe kiangazi hiki: kutazama picha kumi, moja kwa kila muongo, kuanzia miaka ya 1930 hadi hii miaka ya 2020.

Masharti yalikuwa matatu. Kwanza, picha iwe imepigwa katika ardhi yetu au na watu wetu, isipokuwa muongo mmoja ambao nitaueleza. Pili, nifuate mpangilio wa miaka bila kuruka. Tatu, nisitazame peke yangu. Basi kila Jumamosi jioni kompyuta iliwekwa juu ya meza uani, majirani wakaja na viti vyao, na watoto wakakaa chini.

Miaka ya 1930 ilitupeleka Vugiri, katika milima ya Usambara. Huko, kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza wawili, Meja Notcutt na Bwana Latham, waliendesha jaribio la kuwaelimisha Waafrika kwa sinema, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza picha 35, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti haikuwa ndani ya filamu yenyewe. Ilikuwa kwenye sahani ya santuri, ili lori likifika kwa watu wa lugha nyingine ibadilishwe santuri tu, picha ibaki ileile. Likumbuke jambo hilo la santuri, nitalirudia.

Katika hizo 35, zinazojulikana kubaki ni tatu, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Tuliyoitazama ni ile ya mwaka 1936 ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Nakala yetu haina sauti. Wakulima wanalima, wanapita, midomo inacheza, na hakuna neno linalosikika. Mtoto mmoja akauliza, "Wanasema nini?" Watu wazima tukatazamana.

Kwa miaka ya 1940 nilichagua *Men of Two Worlds*, ya mwaka 1946. Mtanganyika aitwaye Kisenga, mtunzi wa muziki aliyekaa London miaka mingi, anarudi kwao kufundisha. Anakuta kijiji kinatakiwa kuhama kwa sababu ya mbung'o na malale, na mganga wa kienyeji anapinga. Picha hii iligusa uani kwetu kuliko nilivyotarajia. Usukuma ndiyo nchi ya mbung'o. Kituo cha utafiti wa mdudu huyo kilikuwa Shinyanga, chini ya Bwana Swynnerton, na watemi waliwatoa watu kwa maelfu kufyeka mapori kwa mashoka na mapanga. Babu mmoja aliyekuwa kimya mwanzo mzima akasema, "Mbona hapa wanaonyesha tunaogopa tu? Baba yangu alifyeka pori mpaka mikono ikatoka malengelenge." Yule Kisenga mwenyewe aliigizwa na Robert Adams, mzaliwa wa Guyana, na mganga akaigizwa na Orlando Martins, Mnigeria. Walikuwa waigizaji hodari, sina ugomvi nao. Lakini Mtanganyika wa kusema maneno makubwa hakutafutwa.

Kwa miaka ya 1950 nilitaka sana *Muhogo Mchungu*. Hiyo ni moja ya picha za Kiswahili zilizotengenezwa mwanzoni mwa muongo huo na kampuni ya Afrika Kusini ikishirikiana na serikali ya kikoloni, kisa cha mshamba anayekwenda mjini. Mwigizaji mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Sikuipata. Kilichopatikana bila taabu ni picha ya Mjerumani, Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, juu ya Serengeti, ya mwaka 1959.

Hapa niruhusu nikae kidogo, maana Serengeti ni jirani yetu. Wilaya ya Meatu inapakana na Pori la Akiba la Maswa, na ng'ambo ya pori ndiyo mbuga yenyewe. Baba na mwana walikuja na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakahesabu wanyama kutoka angani. Nyumbu waliowahesabu hawakufika 100,000. Mwezi Januari mwaka 1959 ndege ile iligongana na tai, Michael akafa, akazikwa kwenye ukingo wa Ngorongoro. Mwaka 1960 picha yao ikapata tuzo ya Oscar, na jina la Serengeti likaenea duniani. Mwaka huohuo wa 1959 mipaka ilichorwa upya, Ngorongoro ikatengwa, na Wamasai wakaondolewa upande wa Serengeti.

Ni picha nzuri. Vijana walishangilia, nami nilishangilia. Ila wafugaji waliokaa uani waliiangalia kwa jicho jingine, kwa kuwa katika picha hii mwenye ng'ombe huonekana kama mgeni msumbufu. Leo nyumbu wanakadiriwa kuzidi milioni moja. Wataalamu wanaeleza kwamba sababu kubwa ya kuongezeka kwao ni kutoweka kwa sotoka, na sotoka iliondolewa kwa kuchanja ng'ombe. Yaani sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji ilimwokoa nyumbu pia. Jambo hilo halimo katika picha, na lisingeweza kuwamo, kwa kuwa lilionekana wazi baadaye. Lakini picha ndiyo inayotazamwa hadi leo, na wengi wanaiamini ilivyo.

Miaka ya 1960 sitaichelewesha. *Hatari!* ya John Wayne ilipigwa upande wa Arusha kabla ya Uhuru, ikatoka mwaka 1962. Waigizaji wanawakimbiza vifaru kwa magari wao wenyewe, na watoto waliomba irudiwe mara mbili. Kiswahili kimetoa jina la picha, wenye Kiswahili wakabaki kubeba kamba.

Sasa miaka ya 1970. Msikilizaji wa Dar es Salaam atanikatiza: mbona siku hizo kumbi zilifurika? Naam, zilifurika, na tangu mwaka 1966 mji huo ulikuwa hata na uwanja wa kutazamia sinema ukiwa ndani ya gari. Lakini zilizofurisha kumbi zilitoka Bombay, Hong Kong na Hollywood. Ya kwetu ilikuwa *Fimbo ya Mnyonge*, ya Kampuni ya Filamu Tanzania iliyoundwa mwaka 1968, picha ya Kiswahili ya kuhubiri Ujamaa vijijini. Nimeitafuta kwa miezi miwili kwa kila niliyemjua na sijaitia machoni. Katika daftari langu mstari huo uko wazi.

Tazama hesabu ilivyokaa. Picha ya mkoloni ya mwaka 1936 nimeiona, ya Mjerumani nimeiona, ya Mmarekani nimeiona hadi nimechoka. Mbili zilizonishinda ni za Kiswahili, zilizochezwa na watu wetu. Sababu yake si uchawi. Mkanda wa sinema ukikaa kwenye joto na unyevu huanza kuoza na kutoa harufu kama ya siki, na ukishaanza hakuna dawa ya kuurudisha. Wenzetu wa Ulaya huhifadhi mikanda yao katika vyumba vya baridi, usiku na mchana, mwaka hata mwaka. Hiyo ni gharama ya umeme na mishahara. Kwa hiyo kinachobaki si lazima kiwe kilichokuwa bora zaidi, bali kile ambacho mtu alikubali kukilipia.

Miaka ya 1980 ilituokoa kwa *Arusi ya Mariamu*, ya mwaka 1985, fupi na ya heshima. Miaka ya 1990 ndio ule muongo niliouvunjia sharti. Bara hatukuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, na watu wengi walitazama video za nje kwenye vibanda, jenereta likinguruma nyuma. Nikachagua *Titanic* ya mwaka 1997, kwa namna ilivyotazamwa vibandani: picha ya Kizungu na juu yake sauti ya msimulizi wa Kiswahili, kazi iliyompa sifa mtu kama Lufufu. Msimulizi anatafsiri, anaongeza chumvi, anamkemea tajiri, anamwonea huruma maskini. Ndipo nilipoikumbuka ile santuri ya Vugiri. Ujanja ni uleule, picha ya mgeni na sauti inayobadilishwa. Tofauti ni kwamba safari hii sauti aliishika mtu wetu, akasema alivyotaka, na watu wakalipa kumsikia.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. *Dar 2 Lagos* ya mwaka 2006, ya Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga aliyefariki Aprili mwaka 2012, iliwaliza kina mama hata kabla ya pahali pa kulia. *T-Junction* ya Amil Shivji, ya mwaka 2017, iliwachosha wawili watatu, mimi niliipenda. *Vuta N'Kuvute* ya mwaka 2021, ya Shivji huyohuyo kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilimaliza zoezi kwa Kiswahili cha Unguja kilichowafanya Wasukuma wenzangu waombe sauti iongezwe.

Kijana mmoja wa hapa aliyewahi kuwa na kibanda cha video alisikia habari za zoezi hili, akaniletea sanduku. Ndani mna kanda za VHS zenye ukungu, na sahani kumi na nne za picha za Kibongo. Sahani tano zimecheza. Nyingine zinakwama, na mbili zimebanduka utando. Jumamosi ijayo tutazijaribu kanda, tukipata mashine nzima ya kuzichezea. Na wewe msikilizaji ukiwa na *Fimbo ya Mnyonge* au *Muhogo Mchungu* chini ya kitanda cha babu yako, usiifungue juani. Niandikie kwanza, kwa anwani ya kituo hiki.