Silabi Zinazofutika: Utunzaji wa Mikanda ya Filamu za Kiswahili

Mtafiti anayetaka kujua Kiswahili kilivyozungumzwa nusu karne iliyopita aghalabu hukimbilia magazeti, riwaya na kumbukumbu za redio. Mkanda wa filamu husahauliwa, ingawa Tanganyika iliufahamu mapema. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri karibu na Korogwe, ulitengeneza filamu 35 za milimita 16, sauti ikitoka katika santuri zilizopigwa sambamba na picha. Katika miaka ya 1950 Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza katika Muhogo Mchungu. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilitoa Fimbo ya Mnyonge, na mwaka 1985 ikatoka Arusi ya Mariamu. Hiyo ni hazina ya usemi, lakini ni hazina inayochakaa.

Mkazi wa Temeke au Kinondoni wa miaka hiyo aliiona sinema ama kwa kwenda katika majumba ya katikati ya jiji, kama Avalon na Empire, ama kwa kulisubiri gari la sinema lije uwanjani jioni. Nakala iliyoonyeshwa uwanjani ilikuwa imekwisha kupita katika viwanja vingine vingi. Ilipitishwa katika projekta ileile, penye vumbi lilelile, kila usiku. Chembe ya mchanga iliyonasa katika mlango wa projekta huchora mstari mmoja tangu mwanzo wa mkanda hadi mwisho. Mkanda uliolegea ukivutwa ili ukazwe, mizunguko yake husuguana na vumbi lililo kati yake hugeuka msasa. Hapo ndipo ilipotoka ile michirizi kama mvua ambayo watazamaji waliizoea hata wakaiona kuwa sehemu ya sinema.

Mkanda una tabaka mbili kuu: ganda la plastiki na, juu yake, utando mwembamba wa jelatini wenye picha. Mkwaruzo wa upande wa ganda huponyeka. Wakati wa kutengeneza nakala, mkanda hupitishwa ndani ya kimiminika kinachopindisha mwanga karibu sawa na ganda lenyewe. Kimiminika hicho hujaza mfereji wa mkwaruzo, na mstari hauonekani tena. Mkwaruzo uliochimba jelatini umekwenda na sehemu ya picha, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Kwa mwanaisimu, hata hivyo, jambo kubwa liko ukingoni. Katika mkanda wa milimita 16 wenye sauti ya mwanga, upande mmoja una matundu ya kuvutia na upande wa pili una njia nyembamba ya sauti. Mwanga hupenya njia hiyo na kuangukia seli inayougeuza kuwa umeme, kisha sauti. Vumbi na mikwaruzo huukatiza mwanga huo, na sikio husikia mchakato na mpasuko. Kelele hizo huzifunika kwanza sauti zenye mkwaruzo wa hewa: s, sh, f, th. (Baadhi ya wanaisimu huviita vikwamizi hivyo vikwaruzo, na hapa jina hilo limepata maana ya pili isiyotarajiwa.) Anayetaka kujua kama mwigizaji alisema thelathini au selasini, au kama mwenyeji wa pwani alitia mpumuo katika paa mnyama na kuuacha katika paa la nyumba, hana pa kushika ikiwa njia ya sauti ni chafu.

Hasara nyingine hutokana na ukarabati. Filamu ya sauti huenda fremu 24 kwa sekunde. Msemaji atamkaye silabi 6 kwa sekunde huitumia silabi moja kwa fremu 4, yaani sentimita 3 hivi za mkanda. Mkanda ulipokatika, mwonyeshaji alikata kipande chenye matundu yaliyoraruka, akaunganisha kwa gundi, onyesho likaendelea. Sentimita 3 zilizotupwa huenda zilibeba ha- ya hatutakwenda, na msikilizaji akabaki na tutakwenda. Isitoshe, sauti huchapwa fremu 26 mbele ya picha yake. Kwa hiyo silabi iliyopotea si ya picha iliyokatwa, bali ya picha inayofuata baada ya sekunde moja na ushei. Anayetafuta pengo mahali picha inaporuka hatalikuta.

Usafishaji wenyewe ni kazi ya subira. Mkanda hukaguliwa mezani kwa glavu za pamba, ukizungushwa kwa mkono, na viungio vilivyolegea huimarishwa kwanza. Kisha hupitishwa polepole katika kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kama mahameli, kinachokunjwa upya kila mara ili uchafu usirudi. Mafuta huondolewa kwa kiyeyushi kinachokauka upesi kabla mkanda haujaviringishwa, mahali penye hewa ya kutosha kwa sababu mvuke wake una madhara. Maji hayafai, kwa kuwa jelatini huvimba.

Kisha kuna adui asiyegusa mkanda kwa mikono. Ganda la asetati, likikaa katika joto na unyevu, huvunjika na kutoa asidi ya asetiki, ile ya siki. Asidi hiyo huharakisha uvunjikaji zaidi na kuambukiza mikanda jirani. Katika nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50, asetati mpya hukadiriwa kufika miaka 40 hivi kabla ya dalili kuanza. Mkebe uliowekwa chini ya bati la Temeke haupati hali hiyo hata mwezi mmoja. Harufu ya siki ikisikika, mkanda hutengwa, huhamishiwa penye baridi na ukavu, na hunakiliwa ungali haujasinyaa.

Kunakili katika kompyuta hufanywa baada ya kusafisha, si kabla, na mkanda wa asili hautupwi. Anayenukuu mazungumzo huandika pia mahali pa kila kiungio, akihesabu fremu 26 mbele, ili tutakwenda iliyopoteza ha- isiingizwe katika data kama kauli ya msemaji.