Mawimbi ya Ziwa Usiyatafute Ng'ambo

Mtu anayetengeneza mchezo wa kusikiliza nyumbani kwake, kwa simu na kompyuta tu, leo hakosi sauti za kuupamba. Freesound, hazina iliyoanzishwa mwaka 2005 na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, ina sauti za kila namna. BBC nayo ilifungua zaidi ya sauti 16,000 za maktaba yake mwaka 2018. Tatizo huja pale unapopakua mawimbi ya bahari ukayaweka chini ya maongezi ya wavuvi wa Igombe, kando ya Ziwa Victoria. Mkazi wa Mwanza atashtuka mara moja.

Mawimbi makubwa ya bahari husafiri kutoka mbali, kwa hiyo huachana kwa sekunde nyingi na kuvunjika kwa mngurumo mrefu. Ya Ziwa Victoria huzaliwa na upepo wa hapahapa. Ni mafupi, yanafukuzana, na kwenye miamba yetu maji huingia katikati ya mawe, yakabwabwaja, kisha yakanyonywa kurudi ziwani. Sauti hiyo nenda kairekodi mwenyewe.

Nenda asubuhi. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani, usiku hugeuka. Kati ya zamu hizo hewa hutulia, na upepo ndio adui mkubwa wa maikrofoni. Hata hivyo ifunike kwa sponji, na simu uizime mtandao. Sogeza maikrofoni hadi shibiri moja kutoka ubavuni mwa mtumbwi, usikie maji yakigonga mbao. Kisha rudi nyuma upate ufukwe mzima. Chukua sauti zote mbili, kila moja dakika nzima bila kusema neno.

Soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, lina utajiri wa sauti, ila omba ruhusa: sauti ya mchuuzi anayenadi dagaa ni mali yake.

Mengine tengeneza chumbani. Mwiko ndani ya beseni la maji ni kasia. Karatasi ya biskuti ikikunjwakunjwa taratibu karibu na maikrofoni ni moto wa kuni.

Ukilazimika kupakua, soma masharti kwanza. Sauti za BBC ni za matumizi binafsi, elimu na utafiti. Ukitaka kuuza kazi yako, hazikufai bila leseni nyingine. Kwenye Freesound kila sauti ina sharti lake: nyingine ni huru kabisa, nyingine lazima umtaje mwenyewe, nyingine haziruhusu biashara. Andika jina na sharti siku hiyohiyo unapopakua.

Tena usichelewe, maana sauti nazo hutoweka: tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, magari ya Kigongo na Busisi hayangoji tena kivuko, na kelele za foleni ile zimekwisha. Cha Kamanga bado kinavuka. Kirekodi, andika tarehe na mahali, kisha iweke sauti hiyo mahali ambapo watayarishaji wenzako wataipata.